Jogoo Nani, Mtetea Nani

Jumatatu, 5 Mei

Dada amepiga simu. Anakuja Jumamosi kuchukua fungu lake la kuku. Nimemwambia karibu sana. Sikumaanisha.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajidanganya baadaye. Mama alituacha mwezi wa pili. Aliacha nyumba hii ninayoishi mimi, na kuku wake wa mistari, mbegu safi aliyoitunza miaka arobaini bila kuichanganya na kuku wa mtu mwingine. Kauli yake ya mwisho kuhusu kuku ilikuwa fupi: mgawane, msigombane. Mwezi uliofuata jogoo wake mzee naye akafa. Amebaki kuku jike mmoja mkongwe, aliyetotoa vifaranga kumi na mmoja. Hao ndio mbegu yote ya Mama iliyobaki.

Sasa wana wiki sita. Dada atachukua sita kwa kuwa ni mkubwa, mimi watano. Sawa. Lakini hakuna aliyesema nani achukue wa aina gani. Mpango wangu ni huu: Dada apate majogoo matupu. Mimi nibaki na mitetea wanne na jogoo mmoja wa kuendeleza mbegu. Uwanja wa Mama ujae mayai kama zamani. Dada alikuwa mkunga maisha yake yote, ameshaona uzao wa kutosha.

Kikwazo ni kimoja tu. Machoni pangu wote kumi na mmoja wamefanana.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi nzima bandani, kwenye kigoda cha Mama. Kifupi mno kwa magoti yangu.

Hapa ndipo alipokaa kila vifaranga walipototolewa. Mbele yake maboksi mawili ya viatu vya shule, la Dada na langu. Aproni ya bluu, mfukoni kipande cha mkate kwa ajili yetu. Anamchukua kifaranga, anamgeuza kwenye mwanga, anaguna kidogo, anamweka. Jogoo kushoto, mtetea kulia. Dakika tano kamaliza. Mikono yake ilinuka pumba hata siku za sherehe. Jirani aliyeomba mtetea alipata mtetea, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuona mama anayejua jinsia ya kifaranga wa siku moja. Hakuwahi kukosea.

Nilisimama nyuma ya bega lake miaka na miaka. Sikumuuliza hata mara moja anaangalia nini. Nilidhani atakuwepo.

Basi nimewakodolea macho mwenyewe. Baada ya saa mbili nikaona jambo. Wengine mistari yao myeupe ni mipana, kwa mbali wanaonekana weupe. Wengine ni weusi zaidi. Nikafikiri. Jogoo ni mkali, mzito, wa kuogopwa: huyo lazima awe mweusi. Mtetea ni mtu wa kujipenda na kujisafisha: mweupe. Ni suala la akili tu. Nilichambua barua posta miaka thelathini na moja, siwezi kushindwa na kuku kumi na mmoja. Zile barua zilizopotea zilikuwa za dirisha la jirani.

Nimehesabu: weusi saba, weupe wanne. Yaani majogoo saba, mitetea wanne. Kana kwamba Mama mwenyewe amenipangia.

Alhamisi, 8 Mei

Fundi cherehani wa nyumba ya pili alinikuta nimemshika kifaranga miguu juu. Akauliza amenikosea nini. Nikamweleza, kwa siri. Fundi hana siri, lakini ana sindano.

Anasema kwao walipima kwa sindano na uzi. Unaining'iniza juu ya kifaranga. Ikizunguka ni jike, ikienda mbele na nyuma ni dume. Au kinyume chake. Akaenda kumuuliza mke wake. Akarudi akasema mke wake anasema hicho kipimo ni cha wajawazito, na hata wao kiliwadanganya mara tatu.

Tukajaribu hata hivyo. Sindano ilizunguka kwa wote kumi na mmoja. Tukajaribu juu ya tofali, ikazunguka. Juu ya kiatu cha Fundi, ikazunguka. Fundi akasema basi kiatu chake ni jike, akaondoka kabla hakijataga.

Nimerudi kwenye akili yangu. Nimewafunga watano wangu uzi mwekundu mguuni, ule wa Fundi. Weupe wanne na mweusi mmoja, mwenye kifua kikubwa kuliko wenzake. Huyo ndiye jogoo wangu.

Jumamosi, 10 Mei

Dada alifika saa nne na tenga jipya. Alikunywa chai kwa kikombe cha Mama bila kuuliza, kile chenye mkono ulioungwa kwa gundi. Mimi pia hukitumia.

Tulikwenda bandani. Dada alipochuchumaa, mikono magotini, ilibidi niangalie pembeni. Hata uti wa mgongo ni wa Mama.

Nikatoa hotuba niliyoiandaa. Nikasema kwa heshima ya ukubwa wake nimemchagulia mitetea mitupu, sita, na kwamba mimi kaka mtu nitavumilia na hawa wachache wenye uzi. Nikasema kipaji cha Mama kinaonekana kimeshuka kwangu. Dada akamwinua mmoja mmoja. Akamtazama, akamweka ndani ya tenga. Alipomaliza akanitazama mimi. Muda mrefu kidogo kuliko alivyowatazama kuku.

Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema asilimia mia. Akasema ahsante, mdogo wangu, Mama angefurahi.

Kwenye nguzo ya geti alisimama akapapasa zile alama za kisu ambazo Mama alitupimia urefu kila mwanzo wa mwaka. Alama yake iko juu ya yangu mpaka nilipofika miaka kumi na tatu, halafu yangu inaipita. Akasema siku ile nilipompita nililia mimi badala yake, eti nimemwonea. Nilikuwa nimesahau. Akaondoka na tenga lake. Nyayo zake zikabaki kwenye vumbi la uwanja niliokuwa nimeufagia kwa ajili yake.

Jumapili, 11 Mei

Dada amepiga simu kusema kuku wamezoea, wamelala vizuri, anazidi kunishukuru. Anishukuru mara ngapi.

Nimetayarisha la kusema siku watakapowika. Nitasema mtikisiko wa njiani uliwabadilisha. Nimejisomea sentensi hiyo mbele ya kioo. Hata kioo hakikuamini.

Jumatano, 28 Mei

Mitetea wangu wananawiri. Vilemba vyao vya kichwani vimekua na kuwa vyekundu kama pilipili. Ni afya. Nawapa pumba zilizochanganywa na mchicha, kama alivyofanya Mama. Yule jogoo wangu mweusi ndiye anayenitia wasiwasi, kilemba chake ni kidogo na kimefifia. Nimemwongezea mchicha.

Leo alfajiri nimesikia sauti kama bawaba yenye kutu. Nikaamka nikapaka mafuta mlango wa jikoni. Sauti ikaendelea. Nikapaka mlango wa stoo. Sauti ilitoka bandani. Mtetea wangu wa kwanza alikuwa amesimama juu ya debe, shingo mbele, akijaribu kuwika.

Fundi alichungulia juu ya ua. Nikamwambia wako mitetea wanaowika, ni kawaida kwa mbegu safi. Akakubali kwa kichwa. Ndipo wa pili akamjibu mwenzake.

Ijumaa, 30 Mei

Wote wanne wanawika. Jogoo wangu yuko kimya. Leo amejikunja kwenye kona yenye majani makavu ambako kuku mkongwe hutagia. Anajaribu kiota.

Dada alikuja bila kuitwa. Anasema aliwasikia kutoka kona ya barabara. Akakaa kwenye kigoda, mimi nikakaa juu ya debe. Kuongea kulikuwa kugumu kwa kelele zile.

Nikamwambia ukweli. Kwamba nilimdanganya. Kwamba nilidhani wote sita ninaompa ni majogoo, na nikamwambia ni mitetea.

"Na ni mitetea," akasema. "Wote sita. Umenidanganya, na uongo wako ukawa kweli. Sijui nikusamehe kwa lipi."

Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Tangu nilipoingia bandani. Mwenye mistari mipana myeupe ni jogoo. Jike huwa mweusi zaidi. Na siku wanapototolewa unaangalia doa jeupe la kichwani. La jogoo ni kubwa, limetawanyika. La jike ni dogo, limetulia."

Nikasema kumbe Mama alimfundisha yeye. Iliniuma kusema hivyo. Nikasema mimi pia nilisimama pale nyuma kila siku.

Dada alifuta vumbi gotini. Kisha akaniambia jambo ambalo nimekuwa nikizunguka nalo ndani ya nyumba tangu saa tano.

Mama alikuwa hajui.

Macho yake hayakuona doa la kichwani. Miwani alikataa mpaka uzeeni, akisema ni ya walimu. Aliwagawa vifaranga kwa kubahatisha, akaguna, akaweka kushoto, akaweka kulia. Halafu aliondoka kwenda bombani kuchota maji, mimi nikiufuata mkate wa mfukoni. Dada, wakati huo ana miaka kumi na moja, aliwahamisha waliokosewa kabla hajarudi. Alijifunza kwa kuwatia vifaranga alama ya wino kulingana na doa la kila mmoja, na kusubiri wakue. Alifanya hivyo mpaka alipoolewa. Baada ya hapo alikuja kutusalimia kila vifaranga walipototolewa. Mimi nilidhani anakuja kwa ajili ya mkate.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ulimwona akigawa? Ulimwona uso wake?"

Nilimwona. Bado namwona. Mwanga ukipita kwenye masikio yake, midomo imebanwa, kifaranga kiganjani. Hapakuwa na kitu kingine katika maisha yake ambacho watu walitoka mbali kukitazama.

Nikauliza kama Mama alijua kwamba anasahihishwa. Dada akasema hilo ndilo amejiuliza miaka yote, maana bomba lilikuwa karibu na Mama alichukua muda mrefu sana kujaza ndoo moja.

Tulicheka, halafu hatukucheka. Jioni alirudi na tenga. Amewarudisha wote sita. Anasema hakuwahi kutaka kuwapeleka popote, alitaka tu sababu ya kuja, na mimi tangu msiba sijamwita hata kwa chai. Atakuwa anakuja kila asubuhi kuwalisha. Tumebakiza jogoo mmoja. Wengine watatu wamepata kwao, mmoja kwa Fundi, ambaye ameapa kwamba sindano ilimwambia.

Jumapili, 23 Novemba

Vifaranga wa kwanza wa mitetea yetu. Tisa, weusi tii, kila mmoja na doa lake jeupe kichwani. Mbegu ya Mama imeshika.

Nimekaa kwenye kigoda. Maboksi mawili, moja la viatu vya Dada, moja la vyangu. Dada amesimama nyuma ya bega langu. Nilikumbuka mafunzo yote: doa kubwa ni mtetea, doa dogo ni jogoo. Nimewageuza kwenye mwanga, nimeguna kidogo. Watano kushoto, wanne kulia. Sikusita hata kwa mmoja.

Dada akasema vizuri sana. Kisha akasema vifaranga wana kiu, nikachote maji. Nikaenda. Nilikuta foleni ya watu wawili bombani, sikuharakisha. Niliporudi Dada alikuwa anafunika maboksi kwa kitambaa.

Jumapili, 18 Januari

Wiki nane. Kati ya waliotoka boksi la mitetea hakuna hata mmoja mwenye kilemba chekundu. Waliotoka boksi la majogoo wote vilemba vimewaka, na wawili wameanza ile sauti ya bawaba. Tisa kwa tisa. Sijakosea hata mmoja.

Nimemwambia Fundi. Nimemwambia bwana mifugo, nikamshauri aniite nifundishe wengine. Dada anasema mimi ni Mama mtupu. Nilimweleza kwamba siri iko kwenye kuguna. Ukiguna sawasawa, mkono wenyewe unajua upande wa kwenda.

Kesho naanza utafiti mpya. Nitajua jinsia wakiwa bado ndani ya yai. Nimeshamwomba Fundi sindano.