Ombi la Kufutwa kwa Swali la Funguo

Mabawa, Tanga
Jumatatu, 6 Agosti 1956

Kwa Mwalimu Rafaeli,
Darasa la Kiingereza la Jioni,
Ngamiani.

Mwalimu mheshimiwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wako wote. Mimi ni Bertha, mke wa Methusela, yule mwanafunzi wako mrefu anayekaa benchi la mbele na kuandika kila unachosema, hata ukipiga chafya. Mwili wangu haujambo, isipokuwa mimba imefika ukingoni na hasira nazo zimefika ukingoni, sijui kipi kitatangulia kutoka. Nakuandikia kwa adabu zote juu ya swali la funguo.

Najua nia yako ni njema. Jumamosi hii Methusela ataitwa mbele ya Mzungu wa kampuni yao ajibu maswali kwa mdomo, kwa Kiingereza, na akifaulu atatoka kwenye ghala la katani awe karani wa mezani. Mimi pia nataka awe karani, nisije nikasemwa kuwa namvuta mume wangu shati. Kwa hiyo alipoleta ile karatasi yako ya maswali ya mazoea ya kila siku nilifurahi. Unazo funguo nyingi? Huzibeba kila uendako? Umewahi kupoteza ufunguo? Humwachia jirani? Nikasema moyoni, haya si maswali ya kuulizwa mtoto? Kumbe!

Methusela alikujibu ukweli, kwamba ufunguo ni mmoja na anao Bi Semeni, jirani yetu. Ukamwambia mbele ya wenzake kuwa hilo ni jibu la mifupa mitupu. Jibu la kumpendeza Mzungu lina sababu, lina mfano, na lina kueleza mtu anavyojisikia. Ukaandika ubaoni majibu ya mtu mwangalifu, wayakariri. Hapo ndipo ulipokosea, Mwalimu, kwa kuwa hukumjua mume wangu. Methusela hasemi uongo. Mwaka juzi nilishona gauni la Pasaka, nikamuuliza limenikaa vipi, akaniambia, tena mama yake akiwa pale pale. Mtu kama huyo ukimpa jibu lisilo la kweli, halikatai wala halisemi. Anakwenda kulifanya liwe kweli.

Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Majibu yamekuwa marefu mpaka nyumbani. Zamani nikimuuliza kama atakunywa uji, alisema ndiyo, akanywa. Siku hizi anasema ndiyo, kwa sababu uji unampa nguvu; kwa mfano, jana alikunywa akafika kazini bila kuchoka; na anapokunywa anajisikia mwenye shukrani. Uji wenyewe umekwisha poa, ananiomba niupashe moto tena.

2. Jibu lako la ubaoni linasema mtu mwangalifu ana funguo nyingi na huzibeba kila aendako. Sisi tulikuwa na mmoja. Akaenda dukani kwa Hatim, akarudi na makufuli mapya yaliyotoka kwenye kasha lililofunguliwa siku ile ile: la mlango wa mbele, la mlango wa kutokea uani kwenda nje, la kabati la vyombo, la sanduku, na la banda la kuku lililo nje. Mwalimu, kuku! Jumapili alipoinuka kusoma somo kanisani, funguo zikalia kiunoni, watu wakasimama wakidhani ni kengele. Na hayo makufuli yenyewe sijui ni ya namna gani. Kila siku ikifika saa sita kuku wangu wako nje wanaparua, wameshiba, na kufuli la banda liko mahali pake limefungwa. Methusela ananitazama mimi kwa jicho la shaka.

3. Umewahi kupoteza ufunguo? Jibu lako: naam, nilipoteza mmoja, nikapata funzo. Yeye hajapoteza hata kifungo cha shati tangu nimjue, ikabidi apoteze. Akaudondosha sokoni Ngamiani, Msafiri muuza nazi akamfuata mbio kwa baisikeli, akamrudishia. Akauacha kwa kinyozi, ukamfikia nyumbani kabla yake. Mji huu una watu waungwana mno, hapotezi mtu kitu. Mwisho akapanda basi mpaka Pangani, akaingia kwenye kivuko, akautumbukiza mtoni katikati. Alirudi anang'aa uso. Ulikuwa ufunguo wa kabati la vyombo. Sahani zangu zote zimo ndani, tunakula katika vifuniko vya sufuria. Na sasa amekosa raha upya, anasema kule si kupoteza bali ni kutupa, kwa hiyo jibu bado ni la uongo. Jamani, nimlilie nani?

4. Mtu mwangalifu hufunga milango yote kabla ya kwenda kazini. Methusela huifunga. Mimi nikiwa ndani. Si kwamba anasahau. Ananiaga kwanza, ananiombea siku njema, kisha ananifungia. Nilipomuuliza alinipa sababu na mfano, nikamzuia kabla hajafika kwenye anavyojisikia. Choo kiko uani, Mungu ashukuriwe. Lakini dagaa nanunulia dirishani, na nimegundua kuwa papai halipiti kwenye nondo hata ulisukume vipi. Nimevumilia haya yote kwa ajili ya Jumamosi.

5. La tano silivumilii, na hapa Mwalimu nakuomba usome polepole. Tangu tuhamie Mabawa ufunguo wetu ulikaa kwa Bi Semeni, umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Kwetu ni milimani, mama yangu yuko mbali, sina dada hapa. Bi Semeni ndiye aliyenifundisha kupika kwa nazi, ndiye aliyenikanda miguu ilipovimba, naye ni mkunga, aliniahidi mtoto huyu ataangukia mikononi mwake. Ukutani mwake nagonga mara moja, anaitika.

Sasa jibu lako la ubaoni linasema, simwachii jirani ufunguo, kwa sababu moyo wa mtu haujulikani. Methusela akavaa koti, akaenda kwake kuudai. Kwa adabu! Akampa sababu. Akampa mfano wa jirani mmoja huko sijui wapi aliyeiba. Akamweleza na anavyojisikia. Bi Semeni alifungua pindo, akaweka ufunguo juu ya kiti, akaingia ndani.

Tangu siku ile haji kuchukua moto kwangu wala kuleta kisamvu. Akipita anausalimu mlango, mimi hanisalimu. Nimegonga ukuta, kimya. Mwalimu, mimi naogopa. Ni mimba yangu ya kwanza na mtu niliyekuwa namtegemea nimenyang'anywa kwa jibu la Kiingereza. Nalia peke yangu humu ndani, na hata kulia kwenyewe nimefungiwa.

Kwa hiyo naomba kwa heshima: swali la funguo lifutwe kabisa katika karatasi yako, uweke la mvua, maana mvua hainunuliwi kwa Hatim. Pili, utangaze darasani kuwa jibu fupi ni jibu. Tatu, uje Mabawa mwenyewe, umwambie Bi Semeni kwamba maneno yale yalikuwa ya ubao, hayakuwa yetu.

Msalimie mkeo na watoto, wasalimie wanafunzi wote hasa wale wanaosema uongo bila taabu, maana wake zao wanalala vizuri. Hatim msalimie kwa mbali.

Ni mimi niliye ndani,
Bertha Methusela

Nyongeza: Leo ni Alhamisi. Barua hii imechelewa kwa sababu bahasha zilikuwa sandukuni chini ya kufuli. Uchungu ulinishika jana asubuhi, Methusela kashaondoka na funguo zake. Nikapiga kelele dirishani. Aliyekuja mbio ni Bi Semeni, kanga moja imemdondoka njiani. Akanigombeza kwanza kupitia nondo, kwa nini sikumwita mapema, ati wallahi mume wako ni mjinga lakini mtoto kakukosea nini. Kisha akachomoa ufunguo wa stoo yake mwenyewe, akautia kwenye kufuli letu, likafunguka!

Kumbe makufuli yote ya kasha lile la Hatim hufunguliwa na ufunguo wa namna moja, naye Bi Semeni alikuwa amenunua moja wiki ile ile. Alijua tangu mwanzo. Ndiye aliyekuwa akiwatoa kuku wangu na kuwapa pumba, akiwa amenuna hivyo hivyo. Mtoto ni wa kike, ameangukia mikononi mwake kama alivyoahidi, na kabati limefunguliwa, nimekula katika sahani.

Methusela aliporudi alikuta makufuli yote yananing'inia wazi na Bi Semeni kakaa mlangoni na mtoto. Alichomoa funguo zote kiunoni, akaziweka kwenye pindo la kanga ya Bi Semeni, akalia.

Kwa hiyo Mwalimu, niwie radhi, swali la funguo usilifute. Naomba hata umdokeze Mzungu asije akalisahau, hasa lile la jirani. Methusela yuko hapa kando ya kitanda anajizoeza jibu lake, na safari hii ni la kweli tupu. Ana sababu, ana mfano anaoulaza mapajani, ndiye binti yetu, na sasa hivi yuko kwenye anavyojisikia. Ni refu kupita yote. Uji wangu umepoa nikimsikiliza, wala sitaki amalize.