Kidole cha Shemeji

Jumatatu, tarehe 3

Nimekamatwa. Kijiko cha jamu mdomoni, mlango ukagongwa, akaingia muuguzi anayewazungukia wazee wenye kisukari mtaani kwetu. Huja Jumatatu na Alhamisi. Jina lake analo, ila mimi namwita Sista Hakuna. Jamu? Hakuna. Soda? Hakuna. Kutembea peku? Hakuna kabisa, mzee wangu, utajikata na wala hutasikia. Ana tabasamu zuri sana, nalo analitumia vibaya.

Kanidunga kidole. Sukari ya asubuhi kabla ya chai: kumi na moja nukta nne. Nikamwambia mashine imechoka. Akasema mashine ni mpya. Nikamwambia basi mimi ndiye niliyechoka. Hakucheka.

Halafu miguu, kama kawaida yake. Katikati ya vidole, kisigino, kucha. Safi! Nikajivuna. Kumbe akimaliza miguu hukagua na viatu, mtu asije akavaa kokoto bila kujua. Akatia mkono kwenye viatu vyangu vipya vya harusi. Akatoa biskuti. Akatia tena. Akatoa biskuti nyingine. Mke wangu kasimama pale, mikono kiunoni, anahesabu.

Harusi ni Jumamosi. Mjukuu wangu wa kwanza anaolewa. Ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba kipande cha kwanza cha keki ni cha babu, kabla hata ya bwana harusi. Yule mtoto nimembeba mabegani hadi mabega yakapinda. Nikakae pale mezani natafuna karoti? Nikamweleza Sista yote hayo, sauti ikanikatika, na sikuwa naigiza. Akafikiri. Akatoa masharti. Nijipime mwenyewe kila asubuhi. Mashine yangu inahifadhi majibu. Akija Alhamisi akayakuta chini ya nane, keki ruksa, kipande kimoja. Yakizidi, hakuna keki, na tutaanza kuzungumzia insulini.

Sindano! Kila siku! Mimi niliyezirai siku mjukuu huyo huyo alipotogwa masikio!

Jumanne, tarehe 4

Nimeamka na wazo. Zuri mno. Nimelicheka peke yangu bafuni mpaka mke wangu akauliza kama nimeteleza.

Mashine inajua damu. Haimjui mwenye damu!

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakaa juu kilimani, ngazi kwa ngazi mpaka unaomba maji. Mtaa mzima unamwita Chuma. Alikuwa mwalimu wa michezo. Umri wetu mmoja, lakini yeye hutembea kama anakwenda kupewa kombe. Hajawahi kumeza kidonge, anasema. Hajawahi kupimwa, anasema, apimwe nini na yuko mzima? Kila nikiomba sukari kwenye chai, mke wangu hunitajia Chuma. Chuma hanywi soda. Chuma halali mchana. Miaka yote hii ameninyima raha. Leo atanilipa.

Mashine mfukoni. Pakiti ya biskuti, ya mwisho iliyonusurika, chini ya kofia. Nikamuaga mke wangu kwamba nakwenda kunyoosha miguu. Kabla ya chai! Akanitazama kwa mapenzi niliyokuwa nimeyasahau. Nikajisikia vibaya, hadi kwenye kona.

Chuma nikamwambia nahitaji damu ya mtu mwenye afya kamili, nijue kama mashine yangu inasema kweli. Kifua kikamfura. Kidole kilikuwa kimeshanyooshwa kabla sijamaliza sentensi. Nikakisafisha kwa pamba, nikakidunga, mashine ikalia. Hapo nikakumbuka miwani yangu iko nyumbani. Chuma naye havai miwani, anasema ni ya wazee. Akaishika mashine mbali. Akaileta karibu. Akafinya macho. Sita nukta mbili!

Karibu nimbusu. Nikampa biskuti za kumshukuru. Akazila nne kwa mpigo. Sikubakiwa hata na makombo, lakini ushindi ni ushindi.

Jumatano, tarehe 5

Ngazi zile zitaniua kabla ya sukari. Leo nimepumzika mara mbili tu, jana mara tano.

Nilimkuta Chuma anakunywa maji kwa jagi. Jagi zima! Anasema ndiyo siri ya afya. Nikiwa bado natafuta pumzi akaenda haja ndogo, akarudi, akaenda tena. Anasema figo zake zinapiga kazi kama mtambo. Halafu akanionyesha mkanda wa suruali. Ametoboa tundu jipya, amepungua bila hata kujinyima. Mimi huyu nimejinyima mpaka ndoto zangu zina jamu, na mkanda haujasogea! Wivu ulinishika.

Nikamdunga kwa hasira kidogo. Miwani nimesahau tena, mke wangu alikuwa ananisindikiza hadi mlangoni kwa maneno matamu, akanichanganya. Chuma akasoma: saba nukta tano. Imepanda kidogo, lakini bado chini ya nane. Akasema kapanda kwa sababu ya furaha ya kuniona. Nikampa nusu ya pakiti nyingine, niliyoinunua njiani kwa ajili yangu mwenyewe. Akala huku anasoma tena namba, kama mtu anayesoma jina lake gazetini.

Nyumbani nimekula mboga. Chungu. Keki nitaila kwa niaba ya mboga zote hizi.

Alhamisi, tarehe 6

Balaa! Kisha furaha! Kisha sijui niite nini.

Alfajiri nilipanda kwa Chuma. Akasoma tano nukta nane. Nikashuka ngazi naimba.

Sista Hakuna akaja. Akabonyeza mashine. Tabasamu likamtoka usoni. Kumi na sita nukta mbili. Kumi na saba na nusu. Kumi na tano nukta nane. Nikamwambia ile moja ya mbele ni mkwaruzo wa kioo, aifute. Akaifuta. Ikabaki.

Chuma! Kipofu wewe! Umekula biskuti zangu zote na moja ya mbele huioni!

Sista alikuwa ameshampigia daktari simu. Kesho niende kliniki, nianze insulini, huenda wakanilaza siku chache. Siku chache! Na Jumamosi ndiyo kesho kutwa! Mke wangu akaanza kulia. Si kile kilio cha kunisuta ninachokijua. Kilio chenyewe. Nilitamani sakafu ifunguke.

Ndipo Sista akatoa mashine yake mwenyewe ya kuhakikisha. Akanidunga. Sita nukta tisa. Akanidunga kidole kingine. Sita nukta nane. Akajipima mwenyewe kwa mashine yangu: tano na kidogo. Akampima mke wangu: tano na nusu. Mashine nzima. Akakuna kichwa. Kisha akaniuliza kwa upole kama asubuhi zile nilinawa mikono, maana ukiwa na utamu kidoleni mashine inasoma uongo.

Nikadaka kama kipa. Jamu, Sista! Nilikuwa nimeshika jamu! Kushika tu, sikulamba! Akanisema kuhusu sabuni na maji mpaka masikio yakawaka. Lakini keki ruksa. RUKSA! Mke wangu akanikumbatia mbele ya Sista.

Nikakaa kuisherehekea chai yangu isiyo na sukari. Ilipofika nusu kikombe ikanikwama. Kidole cha Chuma hakikuwa na jamu. Nilikisafisha mimi mwenyewe, kwa pamba. Biskuti alikula baada ya kupimwa. Basi ile kumi na sita...

Hapana. Nitamwambia Jumapili. Nikisema leo, Sista atajua ujanja wangu wote, na keki imeota mbawa. Siku tatu ni nini? Chuma ni chuma.

Ijumaa, tarehe 7

Chai haikupita. Nikapanda kilimani bila mashine, nimwone tu, roho itulie.

Nilimkuta barazani anajaribu viatu vyake vya harusi. Akavua. Soksi imeganda damu. Nikamwonyesha. Akashangaa kuliko mimi. Nikaivuta soksi polepole. Chini ya kidole gumba pana kidonda kama kifungo cha koti, kimelowa, na kinanuka. Akasema ni viatu tu, haumwi hata chembe. Haumwi! Akainama kukitazama, akafinya macho, nikaona hakioni. Hakioni, hakisikii, na anacheka. Kila Jumatatu Sista ananiambia utajikata na hutasikia, na mimi kila Jumatatu nawaza jamu.

Nilimpenda yule mjinga ghafla, kwa nguvu, mpaka nikamkasirikia. Nikamkataza asinyanyuke. Nikateremka ngazi zote mbio, miaka yangu sabini na moja, kofia nimeiacha huko huko. Nikamwomba mke wangu simu. Nikamweleza Sista kila kitu kwa pumzi moja, kidole, biskuti, jamu ya uongo, mke wangu amesimama hapo hapo mdomo wazi.

Sista hakunigombeza. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Aliuliza kidonda kiko wapi, kina usaha, mguu umevimba? Asikikanyage. Nakuja.

Kidole cha Chuma: ishirini na mbili nukta moja. Na safari hii alisoma mtu mwenye macho.

Tulikwenda kliniki watatu. Wakamsafisha kidonda, wakamfunga bandeji, wakampa dawa za kuua vijidudu. Kisha ikaja insulini. Chuma akaiona sindano, akanishika mkono akaubana mpaka pete ikaniingia nyamani. Shemeji, usiondoke, akasema. Chuma yule! Nikamwambia ni kama kuumwa na sisimizi, nami sikuwa na uhakika wowote. Tulifumba macho wote wawili. Sista akasema tayari. Daktari akatuambia tungechelewa wiki moja tu, tungekuwa tunazungumzia kukata kidole, pengine na zaidi. Nikatoka nje nikalia. Nasema wazi, nililia.

Baada ya hapo nikapewa vidonge vyangu, na havikuwa vya kumeza. Sista aliuliza kwanza kama tulitumia kisindano kimoja cha kudungia vidole. Nikasema kipya kila mara, mimi ni mjanja, si mchinjaji. Akasema hilo moja ndilo la busara katika wiki nzima. Kisha akanieleza kwamba angenidunga insulini kwa majibu ya Chuma, ningeanguka kama gunia, na huenda nisingeinuka. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nimelifikiria sasa. Sipendi.

Nikauliza kwa sauti ya chini kabisa kuhusu keki.

Akasema sukari ya sita nukta nane ni yangu halali. Imeshushwa na zile ngazi kila asubuhi, na zile biskuti nilizompa mwenzangu nisizile mimi. Ningejidunga kidole changu tangu Jumanne ningeshinda bila wizi. Kipande kimoja. Ukubwa wa kiberiti.

Mke wangu haongei nami. Amenipikia, lakini sahani ameiweka mezani kwa kishindo.

Jumamosi, tarehe 8

Harusi! Harusi! Mjukuu wangu alipoingia nilisahau viatu, sukari, kila kitu. Aliinua shela akanitafuta kwa macho ukumbi mzima, akaniona, akanikonyeza kama alivyokuwa akinikonyeza akiwa na meno mawili.

Chuma alikuja na kiatu kimoja na kandambili moja pana, bandeji nyeupe, mguu juu ya stuli. Akawaeleza wageni jinsi alivyougundua ugonjwa wake mwenyewe mapema, kwa sababu mwanamichezo huusikiliza mwili wake. Mwenyewe! Nikataka kumpiga na stuli. Akanikamata mkono, akawaambia huyu hapa shemeji yangu ndiye alinipeleka, hakuniacha hata nukta. Nikamsamehe papo hapo. Ndiyo ubaya wake.

Keki ikakatwa. Mjukuu akaja na kipande cha kwanza, akapiga goti, akanilisha kwa mkono wake. Babu, usiniondokee mapema, akaninong'oneza, nataka uwalee na wanangu. Nikatafuna taratibu. Keki ilikuwa na chumvi kidogo, nadhani ni machozi, mengine yangu. Mke wangu akanifuta mdomo kwa leso yake. Sasa tunaongea.

Sista Hakuna alialikwa. Alikaa mbele yangu mkabala, macho kwenye sahani yangu. Kiberiti kimoja, kweli. Kisha vijana wakamvuta akacheze. Anacheza vizuri sana, tena kwa muda mrefu.

Viberiti vinne.

Jumapili, tarehe 9

Nimekaa nikatafakari wiki yangu kwa utulivu, kama inavyompasa mzee. Ukweli ni huu. Ningekuwa mkweli tangu Jumanne, ningekula keki yangu kwa amani, na Chuma angepoteza kidole cha mguu. Kwa hiyo ujanja wangu umeokoa kiungo cha binadamu. Daktari hakuweza. Sista hakuweza. Niliweza mimi. Huwezi kuacha kipaji cha namna hiyo kioze.

Kesho Jumatatu, Sista atataka jibu la asubuhi ndani ya mashine. Viberiti vinne havifichiki, nusu yake ilikuwa krimu.

Lakini Mungu ni mwema. Babu wa bwana harusi analala kwetu hadi Jumanne. Mzee mwembamba, mpole, jana keki aliikataa kwa mkono. Nimemuuliza kama ameshawahi kupimwa sukari. Anasema hajawahi. Hajawahi! Umri ule! Watu wake wanamjali kweli? Haiwezekani mgeni akae ndani ya nyumba yangu, sasa ni ukoo wangu, bila mtu kumhurumia. Nitamgongea mlango alfajiri.

Mke wangu ameniuliza natabasamu nini. Nimemwambia nafikiria afya za wageni. Amenibusu kwenye paji la uso.