Langi Wawili wa Gereji Yangu

Jumatatu, 3 Novemba

Vita vimetangazwa nyumbani kwangu, na aliyevitangaza ni mke wangu. Rosebella amenunua gari. Linafika Jumamosi. Leo alifungua mlango wa gereji akaitazama sakafu: saruji inayomeguka kama mkate wa juzi, dimbwi pembeni, vumbi kila mahali. Akasema kama haitakuwa sakafu ya maana kufikia Jumamosi, gari litalala kwa Afande Opoka. Ameshamwuliza. Naye ameshakubali!

Opoka! Inspekta mstaafu wa polisi, jirani wa ukuta mmoja, gereji yake vigae vyeupe tupu, na huipiga deki huku akipiga mluzi. Gari la mke wangu lilale kwa polisi! Nimeishi Namuwongo, hapa Kampala, miaka ishirini na mbili. Nimeandikia magazeti barua mia nne kupinga wenye nguvu. Sitashindwa na vigae.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesoma makala kumi na moja kuhusu sakafu. Sasa mimi ni mtaalamu. Vigae: majivuno ya tabaka la kati, angusha spana tu, vinapasuka. Terazo: nzuri, lakini inataka subira, na subira ndiyo silaha kuu ya wanaotukandamiza. Mikeka ya mpira: aibu. Nimechagua rangi ngumu ya kupaka juu ya saruji, ile ya viwandani, isiyojali mafuta wala matairi.

Fundi amekuja kutoka Katwe. Anaitwa Husnah, mama mfupi mwenye sauti ya jenereta. Aliikwaruza sakafu kwa msumari akasema imekunywa maji. Akataka tubandike karatasi ya nailoni siku moja, tuone kama chini yake kutatoka jasho. Nilikuwa karibu kukubali. Kisha kichwa cha Opoka kikachomoza juu ya ukuta. Eti hata yeye alibandika nailoni, Bwana Mwandishi, na akangoja mwezi mzima. Basi. Nailoni imekataliwa. Ushauri wa dola sipokei.

Jumatano, 5 Novemba

Ujumbe wa Husnah. Naunakili neno kwa neno: "Mzee kesho Langi wawili wanakuja na boda. Wa chini mlaze kwanza siku moja, mtu asimkanyage. Ijumaa mimi nakuja, wa juu anapanda. Usiwachanganye."

Nimeusoma mara tatu. Langi! Herufi kubwa, ngeli ya A-WA. Sarufi haidanganyi: ni watu wawili wa kabila la Langi, kutoka kaskazini. Sina neno nao. Odyek, mlinzi wa duka ninaponunua magazeti, ni wa huko huko, na anasoma kuliko wabunge wote. Lakini mmoja alale chini, kwenye unyevu ule? Tena wasichanganywe, kama mbuzi na kondoo? Nikamjibu Husnah kwa ujumbe wa maneno mia tatu kuhusu utu wa mfanyakazi. Kwangu hakanyagwi mtu! Kwangu hatenganishwi mtu! Akajibu: "Sawa mzee."

Nimetandika magodoro mawili gerejini. Nimemwomba Rosebella asonge ugali wa wimbi, chakula cha kwao, kesho asubuhi. Nimemwalika Odyek aje awapokee ndugu zake kwa lugha yao.

Alhamisi, 6 Novemba

Boda ilifika saa nne. Makopo mawili ya rangi. Nikamwuliza dereva wako wapi wale Langi wawili. Akayapigapiga makopo: ndio hawa, ssebo, yaani bwana, langi wa chini na langi wa juu.

Odyek alikuja na shati lake la kanisani. Alicheka mpaka akaketi kwenye godoro. Akaniambia pole mzee, hapa Kampala r ni l, na ngeli zote ni A-WA, hata saruji "anakauka". Rosebella alicheka akiwa na mwiko mkononi. Opoka naye akazunguka mpaka getini, akaingia, akavua kofia, akayasalimu makopo kwa Kiacholi, "Kop ango?", kisha akayauliza kama kule kwao Lira mvua imenyesha.

Siwezi kumpigia Husnah. Anao ujumbe wangu wa maneno mia tatu. Heri nipake mwenyewe, leo leo, nimalize kabla hajafika. Kuhusu kutochanganya: nimeshaandika kwamba kwangu hatenganishwi mtu, na mwandishi habadili msimamo kwa sababu ya kopo. Nimemimina yote mawili katika ndoo moja.

Ijumaa, 7 Novemba

Ndoo ilipata homa jana ile ile, ikawa jiwe, brashi ndani. Nilikuwa nimepaka nusu ya gereji. Nusu hiyo leo imejaa malengelenge, na katikati yake kiatu changu cha kushoto kimesimama peke yake. Hakitoki.

Husnah alisimama mlangoni. "Mzee," akasema taratibu, "umewaua wote." Akaeleza kwamba maji ya chini yanatafuta njia ya kutoka. Dawa ni kukwangua yote, kumwaga zege jipya juu ya nailoni nene, kungoja siku ishirini na nane, ndipo langi. Kisha akaomba ruhusa awasomee mafundi wenzake ule ujumbe wangu. Aliowasomea tayari wameupenda sana.

Jumamosi, 8 Novemba

Gari limefika. La buluu. Rosebella alichungulia gerejini, akaliendesha hatua thelathini mpaka kwa Opoka. Nikapanda ngazi nitazame matairi yakikanyaga vile vigae. Nilingojea mlio wa kupasuka. Hakikupasuka hata kimoja! Opoka akanipigia saluti. Rosebella hakurudi mpaka saa kumi na moja. Santina, mke wa Opoka, alimpikia chai na chapati. Mimi nimekula ugali wa wimbi wa Alhamisi.

Jumapili, 9 Novemba

Gari limelala kwa polisi mara moja. Inatosha. Siku ishirini na nane kwa sakafu ya gari moja! Rosebella alipotoka kanisani nilimkumbusha kwamba Mungu alimaliza ulimwengu mzima kwa siku sita. Akasema ni kweli, Baba Whitney, ila siku ya tatu alikusanya maji mahali pamoja kwanza, ndipo nchi kavu ikaonekana. Hoja dhaifu. Nitamjibu kwa maandishi.

Uamuzi wangu: zege jipya, moja kwa moja juu ya malengelenge. Rangi Jumatano. Gari nyumbani Jumamosi ijayo. Fundi wa nini? Nimesoma makala nyingine nne. Mifuko ya saruji imefika. Mvua pia imefika, na imeshaingia gerejini. Opoka ameniuliza juu ya ukuta kama sitangoja ikatike. Nimemjibu kwamba zege, kwa vyovyote, linahitaji maji.