Mizigo ya Kwenda Kupumzika

Jumatano, 1 Julai 1936. Ngokolo, Shinyanga.

Dresa wa zahanati kasema homa ya mke wangu Mwanaidi, Mama Mwasiti, imekwisha, ila damu haijarudi. Ale, alale, akae penye hewa safi, mbali na vumbi na wageni wa mjini. Alhamdulillahi! Amekonda hata khanga inampwaya. Nilikuwa na hofu kubwa. Sikumwambia mtu.

Mwenyewe anataka twende kwa Mabula, mfugaji wa upande wa Kharumwa, mteja wangu wa kofia. Ana nyumba kubwa na maziwa tele. Wazo zuri. Lakini nyumba! Nyumba si tunayo hapa? Mimi nina hema. Nililipata mnadani, mali ya Mzungu mmoja mpima miamba aliyerudi kwao. Bado linanukia kiko chake.

Tutapumzika ndani ya hema, porini, na starehe zote za nyumbani. Jirani yangu Abdu, mwenye duka la vitambaa mkabala na langu, aliwahi kwenda Mwanza kupumzika. Tangu hapo, ukimsalimu tu, anakujibu kwa upepo wa ziwa. Safari hii atanyamaza.

Ijumaa, 3 Julai.

Kufungasha. Mwanaidi kachukua kikapu kimoja: sufuria, chumvi, sabuni, kiberiti, chandarua, nguo za kubadili na blanketi zito, maana usiku wa Julai una baridi. Akakifunga, akaketi. Nikamwonea huruma. Hajui kusafiri.

Mimi: kitanda cha chuma chenye vichwa vya shaba. Zulia. Meza na viti. Gramafoni. Beseni la kuogea. Karabai. Mwavuli. Saa ya ukutani.

Mwanaidi akauliza saa ya ukutani itatundikwa ukuta gani. Nikamwambia kwenye nguzo ya hema. Akaniuliza tuna haraka gani huko hata tuhitaji saa. Mgonjwa habishiwi. Nikaiongeza saa kwenye mizigo.

Abdu alipita, akakiona kitanda barazani, akauliza kama tumefukuzwa nyumba. Nikamwambia tunakwenda kupumzika. Akakitazama kitanda kwa muda mrefu. Macho mekundu. Wivu! (Au vumbi.)

Jumapili, 5 Julai. Kwa Mabula.

Tumefika! Lori lilikuwa la unga, likielekea machimboni Geita. Dereva alisema nichague moja, kitanda au unga. Nilimbembeleza mpaka akaona afadhali safari kuliko maneno. Kitanda kikawekwa juu ya magunia, nami juu ya kitanda, Mwanaidi mbele kwa dereva. Njiani watu walisimama, wakavua kofia. Nikawapungia mkono kwa adabu. Baadaye dereva akanieleza kuwa walidhani tumebeba maiti. Mmoja alianguka kabisa nilipompungia.

Kwenye njia ya kuchepukia, Mabula alikuwa akitusubiri na punda wake. Akatusalimu vizuri, “Mwadila!” Kisha akaitazama mizigo. Punda nao wakaitazama. Ikabidi aite vijana wa kijijini wabebe kitanda kichwani.

Akasema nyumba imeshafagiliwa. Nikamweleza habari ya hema. Uso ukamshuka. Akaniuliza taratibu, “Bwana Hatibu, tumekukosea nini?” Nikamwambia hawajakosea lolote, ndiyo starehe ya kisasa. Mkewe, Mageni, akamshika Mwanaidi mkono, akamwambia pole.

Jumatatu, 6 Julai.

Raha! Hema limesimama juu ya bonde, zulia limetandikwa nje, chai mezani. Gramafoni inaimba. Ng’ombe wa Mabula walikuja kusikiliza, wakasimama mstari mmoja. Mwanaidi alicheka, mara ya kwanza tangu augue. Halafu akalala mchana kutwa. Saa ikagonga, akashtuka, akalala tena. Nikaifunga saa kwa kilemba.

Jioni wakapita wanaume wawili wenye makarai na sururu. Wakalitazama hema, wakanong’ona, wakanivulia kofia. Watu wa adabu sana huku.

Jumatano, 8 Julai.

Jambo dogo limetokea. Huku, hema na meza maana yake ni moja tu: dhahabu. Hakuna aliyewahi kuona mtu amepiga hema kwa ajili ya kulala. Tangu alfajiri wachimbaji wasio na kazi wamekaa kuzunguka zulia letu, kimya, wakinitazama ninavyokunywa chai.

Ningewaambia ukweli. Nilikusudia kabisa. Lakini mzee mmoja akaniita Bwana Fundi, akanipa jiwe, na nyuma yake mkewe ameshika kuku. Nikalilamba jiwe, kama nilivyomwona akifanya yule Mzungu mwenye hema. Nikasema, “Hm.” Basi! Sikusema zaidi ya hapo. Kabla ya magharibi hiyo “hm” ilishafika Kharumwa.

Kuku alikuwa mtamu.

Ijumaa, 10 Julai.

Mambo yamezidi. Watu wamekuja na sufuria zao. Mmoja anauza viazi vya kuchemsha mlangoni petu. Mwingine kaingia ndani ya hema, kamwamsha Mwanaidi, kamwomba amwombee kazi kwangu.

Mwanaidi akatoka amejifunga khanga kichwani. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

“Baba Mwasiti, mimi nilikuja kulala.”

Akachukua kikapu chake, akateremka kwenda kwa Mabula. Watu wakampisha njia. Nikabaki na kitanda. Kikubwa mno kwa mtu mmoja.

Mchana akaja Nkwabi, mwanangwa wa hapa, mkubwa wa kijiji. Hakuvua kofia. Akauliza kibali cha kuchimba kiko wapi. Nikasema sichimbi. Akauliza kwa nini basi nalamba mawe ya watu. Nikamkaribisha chai. Akasema atarudi Jumanne, na nisipokuwa na maelezo nitakwenda kuyatoa bomani. Bomani! Mimi, Hatibu, muuza kofia!

Jumapili, 12 Julai.

Abdu amefika! Amesikia Shinyanga nzima ikisema nimepata dhahabu. Amekuja na sururu, beleshi na hema kubwa kuliko langu. Amelipiga mbele ya langu, likanizibia bonde lote. Akasema amekuja kunijulia hali.

Nikamwambia hakuna dhahabu. Akacheka sana. Akasema, “Hivyo ndivyo angesema mtu aliyeipata.” Nikaapa. Akacheka zaidi. Mwisho, ili aondoke mbele ya hema langu, nikanyoosha mwavuli kule chini, penye majani mabichi, nikasema chimba pale. Akakimbia! Na kitambi kile!

Nilikwenda kumtazama Mwanaidi. Yuko uani na Mageni, wanabambua karanga, mtungi wa maziwa pembeni. Mashavu yamerudi. Akaniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Akanipa ugali hata hivyo. Nilikaa mpaka jua lilipotua, na sikutaka kuondoka.

Jumanne, 14 Julai.

Siku kubwa! Abdu amechimba bila kupumzika, shimo limefika kwapani. Asubuhi tukasikia ukelele. Watu wote mbio, mimi mbele. Abdu amesimama ndani ya shimo, na maji yanampanda magotini. Maji safi! Kiangazi hiki, ambapo Mabula hupeleka ng’ombe mbali kuyafuata!

Mabula akaruka humo shimoni na nguo zake, akamkumbatia Abdu. Mageni akapiga vigelegele. Wachimbaji wakateka, wakanywa, wakasahau dhahabu. Ndipo akatokea Nkwabi. Akauliza maelezo yangu. Nikanyoosha mwavuli, nikasema, “Nilikuwa natafuta haya.”

Nkwabi akainama, akayaonja. Akavua kofia.

Abdu alitaka kusema kitu, lakini akateleza, akakaa kwenye maji. Mwanaidi alikuwa nyuma yangu. Anajua kila kitu, bila shaka. Alicheka hadi akashika ubavu, akaniegemea. Nikamtoa Abdu kwa mkono wangu mwenyewe. Jioni tulikula naye nyama ya mbuzi aliyechinjwa na Mabula. Upepo wa ziwa hakuutaja.

Nililala kwa Mabula. Nyumba nzuri, kwa kweli. Tulivu.

Jumamosi, 18 Julai. Ngokolo.

Tumerudi. Dresa kamtazama Mwanaidi, kasema amenona, akauliza tulikwenda wapi. Nikamweleza habari za hema. Mwanaidi akamweleza habari za maziwa.

Nimefikiri sana kuhusu safari hii. Lazima mtu ajifunze. Kila kitu tulichobeba kilikuwa sahihi, kasoro moja tu, tena kubwa: hema halina mlango. Mtu yeyote anaingia. Asubuhi nimekwenda kwa seremala. Nimeagiza mlango wa mninga, na fremu yake, na komeo la chuma. Anasema wabebaji wanne wataumudu.

Mwanaidi ameuliza mlango wa nini. Nimemwambia ni siri, ni kwa ajili ya mapumziko yake.

Ameanza kufunga kikapu. Anakwenda kwa Mageni, peke yake.