Kituo Kisicho na Cheti Nyumbani kwa Mama Mkwe Wangu

Kwa Mkurugenzi,
Ofisi ya Ithibati ya Malezi Mbadala ya Watoto.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KITUO CHA MALEZI KINACHOENDESHWA BILA CHETI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, si dharau. Nimempakata mtoto na yeye pia anaitaka kalamu.

Mimi ni mama wa watoto watatu na nafanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, kwa hiyo nyumbani tunamwona kama mgeni rasmi: anakuja, anapigiwa makofi, anaondoka. Watoto tunawaita Kamanda, msichana wa darasa la pili ambaye ndiye mwenye amri. Swali, anayemfuata, ambaye jina lake linajieleza. Na Bonge, wa mwisho, ambaye ameanza kutembea hivi karibuni, jambo nitakalolirudia hapo chini kwa uchungu. Ninapokuwa kazini, wote watatu wanakaa kwa mama mkwe wangu, mtaa wa pili.

Sasa, wiki iliyopita alikuja dukani mama mmoja mwenye kituo cha watoto kutoa kopi za kitabu chenu cha Viwango vya Taasisi Zinazotoa Malezi Mbadala kwa Watoto. Kopi moja ikatoka imepinda, akaikataa. Nikaenda nayo nyumbani ili nifungie vitu. Lakini nikiwa namnyonyesha Bonge nikaanza kuisoma, na Ndugu Mkurugenzi, mwili ulinisisimka. Kitabu kinasema anayelea watoto wa wengine, mzazi asipokuwepo, lazima afikie viwango na apewe cheti na serikali. Nikajiuliza, je, mama mkwe wangu anacho? Hana. Cheti pekee alichonacho ni cha ndoa, na hicho panya walishakula upande wa bwana harusi.

Kumwambia mama mkwe uso kwa uso kwamba anakosea siwezi, wala wewe usingeweza. Ndiyo maana kuna serikali. Makosa ya kituo ni haya:

1. Kituo hakina kibao. Mnataka kila kituo kiwe na kibao chenye jina na namba ya usajili. Kwa mama mkwe kuna kibao kimoja tu getini, kimeandikwa MBWA MKALI. Mbwa hayupo na hajawahi kuwepo. Mtu akigonga, wanaobweka ni wanangu, kwa zamu, na Kamanda ndiye anayepanga zamu. Msoma mita za maji ameacha kabisa kuingia. Siku hizi anakadiria akiwa ng'ambo ya barabara.

2. Sifa za mlezi. Kitabu kinataka mlezi awe amesomea. Mama mkwe ukimuuliza amesomea wapi, anajibu, "Nimelea watano, na wote wanajifunga viatu." Mmoja wa hao watano ni mume wangu. Viatu anajifunga, nakubali. Soksi anaziacha popote zilipomchosha. Nawaachia ninyi wataalamu mpime.

3. Vitanda. Kila mtoto awe na kitanda chake, na nafasi ya mtu mzima kupita katikati. Kwa mama mkwe usingizi wa mchana una kitanda kimoja. Wote wanapangwa humo kama vijiko na mlezi mwenyewe anajilaza ukingoni, eti yeye ndiye ukuta. Nilikwenda na futi ya fundi cherehani ili niwaletee vipimo kamili. Akanikuta nimepiga magoti, napima toka kitandani hadi dirishani. Akashika kifua. "Mama Kamanda! Mapazia? Nani kakwambia nayahitaji?" Kabla sijafumbua mdomo akasema rangi ya maziwa ndiyo itakayopendeza. Nikaandika "rangi ya maziwa". Ungekuwa wewe ungefanyaje?

4. Kumrubuni mkaguzi. Siku hiyohiyo alinikalisha kwenye kiti chake, akaniletea bakuli la uji, nami nikakubali kukaa kidogo tu ili nijaze ripoti. Nilipozinduka, viatu vyangu vilikuwa vimevuliwa, nimefunikwa shuka, na watoto wanatembea kwa ncha za vidole. Swali alikuwa ananong'ona, "Bibi, Mama amekufa?" Kamanda akamjibu, "Amelala, wewe! Hujawahi kuona mtu mzima akilala?" Kwa kweli hajawahi. Sasa kitabu chenu kinasema mkaguzi asipokee fadhila yoyote kutoka kwenye kituo anachokikagua. Mimi nimepokea usingizi. Ukaguzi wangu kwa hiyo ni batili, na lawama ni ya kituo.

5. Njia ya watoto kutoa malalamiko. Mnataka sanduku lenye kufuli, na siri itunzwe. Mama mkwe hana sanduku. Ana sufuria. Ni ile kubwa ya shughuli, ambayo siku za kawaida haina kitu. Mtoto akionewa anakwenda jikoni, anafunua mfuniko, anaingiza kichwa, anasema yote yaliyomjaa moyoni, kisha anafunika upesi yasije yakatoka. Kusikiliza ni marufuku. Akimaliza anarudi kucheza, na yaliyobaki ni ya sufuria. Juzi niliifunua nikitaka kuoshea viazi, Swali akapiga ukunga: "Mama! Umeyamwaga yangu yote!" Ikabidi ayaseme upya, na mengi yalikuwa yananihusu mimi. Nauliza tu kwa nia njema: malalamiko hayo yanapelekwa ofisi gani?

6. Kuficha taarifa. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kitabu kinasema hatua yoyote kubwa ya ukuaji wa mtoto mzazi aarifiwe bila kuchelewa. Mwezi uliopita, jioni, Bonge alisimama chumbani kwetu kati ya ndoo na meza. Akanitazama. Akaiachia ile ndoo, akanijia. Hatua zake za kwanza! Nililia. Nikampigia baba yake akiwa safarini, akaegesha lori pembeni, na yeye akalia. Nilitangaza dukani mpaka wateja waliokuja kutoa kopi za vitambulisho wakanipa mkono.

Jana Swali, mdomo umejaa chakula, akaniuliza, "Mama, siku ile ulikuwa unalia nini? Kwa Bibi si anatembeaga tu. Kwa Bibi hata anakimbia." Kamanda akamkanyaga chini ya meza, lakini neno lilishatoka. Nikambana Kamanda. Akashikilia kwamba ilikuwa amri ya Bibi: Bonge akisimama tu, wote waseme "Kaa!" na aliye karibu amkalishe, na asiropoke mtu.

Ndugu Mkurugenzi, kituo kizima, wakubwa kwa wadogo, walikula njama, na mimi nikalilia hatua za mtumba.

Hapa naomba nisifanye mzaha. Asubuhi natoka wakiwa bado wana usingizi, na nikiwafuata jioni wameshachoka. Ninapomnyooshea Bonge mikono ananitazama mimi, halafu anamtazama Bibi, kama mtu anayeomba ruhusa. Sasa ninyi mlioandika kitabu niambieni: kati yangu na yeye, mama ni nani na mbadala ni nani?

7. Kwa sababu hizo naomba kituo kifungwe mara moja. Isipokuwa Jumatatu mpaka Jumamosi, ninapokuwa kazini. Na Jumapili nafua, kwa hiyo na Jumapili. Siku nyingine zote kifungwe bila huruma.

8. Ili nisionekane nina upendeleo, nimekagua na nyumba yangu kwa kitabu hichohicho. Vitanda: viwili, kimoja mguu wake ni tofali. Walezi: mmoja, na ikifika jioni anakuwa nusu. Ratiba ya chakula nilibandika ukutani kama mnavyoelekeza, lakini Bonge ameila. Kwa ufupi, nimefeli vibaya kuliko kituo ninachokishtaki.

Ukurasa wa mwisho unaelekeza kwamba nyumba ikionekana haifai, watoto wapelekwe kwa mlezi aliye karibu ambaye wameshamzoea. Huyo ni yule wa namba moja hadi sita. Sawa, sheria ni sheria. Lakini ukurasa huohuo unasema watu wa damu moja wasitenganishwe. Mimi ni damu yao. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, na mimi nihamishiwe huko kama mtoto wa nne. Najua umri umezidi kidogo. Lakini nakula chochote, sichezei moto, na usingizi wangu, kama nilivyoeleza namba nne, haumsumbui mtu. Naweza pia kulala ukingoni nikawa ukuta. Hata kubweka niko tayari, nikipangiwa zamu.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, anayewachemshia chai, na hasa yule aliyeandika ukurasa wa mwisho. Mwambie kuna mtu ameufikia.

Ni mimi mzazi, mpaka hapo mtakapoamua vinginevyo,

Mama Kamanda.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa mvuke wa birika la mama mkwe, samahani kwa makunyanzi.

Leo nilipowafuata watoto, mama mkwe alikuwa uani anaanua nguo. Nikaingia jikoni peke yangu, nikafunua ile sufuria, nikaisomea barua hii kuanzia kwenye Yah. Nilipomaliza namba sita nikaona inatosha. Nikafunika. Kugeuka, mama mkwe yuko mlangoni na beseni la nguo kiunoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu namba ngapi.

Akasema, "Umemaliza? Haya, sogea, na mimi nina langu."

Akatua beseni, akafunua, akainama, akasema kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia: "Mkwe wangu kanikasirikia. Huyu mtoto alisimama hapa kwangu, nikamkalisha. Kila akisimama namkalisha, akinikimbia namkamata, mpaka magoti yananililia. Nilisema yule binti anakosa mengi, hili lisimpite. Nikamwachia. Sasa badala ya kuniuliza, anakuja kunipimia vitanda, na mapazia yenyewe siyaoni." Akafunika, akagonga mfuniko kwa kiganja, kama mtu anayepiga muhuri.

Hapo Bonge akaingia kutoka uani kwa miguu yake mwenyewe, na wenzake nyuma yake wakapiga kelele kwa mazoea, "Kaa! Kaa! Mama haja..." wakakatiza, maana Mama nilikuwepo. Akasimama kati yangu na Bibi. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. Sote wawili tukanyoosha mikono. Akatupita katikati, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria, akasukuma mfuniko ukaanguka, akaingiza kichwa, na akatamka neno lake la kwanza duniani, ambalo ni "Kaa!"

Nilikuwepo. Nimelisikia kwa masikio yangu, jipya kabisa. Mama mkwe aliapa kwamba hata yeye ndiyo mara yake ya kwanza. Tulikaa palepale sakafuni, kama tulivyoamriwa.

Kwa hiyo naomba barua hii msiifanyie kazi. Naituma tu kwa sababu stempu nimeshaibandika. Lakini kitabu chenu kikichapwa upya, pale kwenye sanduku la malalamiko fikirieni sufuria. Na kama mmeshamtuma mkaguzi, aje, haina neno, ila asije na futi. Agonge geti kwa nguvu na asikimbie akisikia mbwa. Kesho zamu ni yangu.