Sifuri Nukta Sita

Jumatatu, 5 Mei 2025
Majibu ya damu ya mke wangu Somoe yametoka kliniki, Dar. Homoni inayoonyesha akiba ya mayai: 0.6. Balaa! Ana miaka thelathini na tisa, na pesa zetu zinatosha kupandikiza mimba mara moja tu. Dakta Arafa akasema namba hiyo hukadiria mayai yatakayopatikana, haitabiri mtoto. Mwaka wa tisa huu napima mvua kijijini kwetu Zinga; najua namba.

Kwenye benchi, mume wa Shufaa wa Fukayosi, wanaotibiwa pamoja nasi, akanitajia namba ya mkewe bila kuulizwa: 4.1. Na akatabasamu!

Alhamisi, 8 Mei
Mbinu: maabara nyingine. Imetoka 0.8! Nilishangilia hadi mlinzi akachungulia. Nikapendekeza ya tatu. Somoe akasema, Shuaibu mume wangu, damu yangu si mchuzi wa kuonjwaonjwa.

Jumanne, 13 Mei
Supu ya pweza, siku ya tano. Somoe kanikumbusha kwamba pweza ni dawa ya wanaume. Kaninywesha sufuria nzima.

Jumanne, 27 Mei
Mayai yametolewa. Shufaa kumi na manne. Mumewe aliyatangaza kama magoli. Somoe mawili. Nimenuna tangu kliniki hadi nyumbani. Somoe, aliyechomwa sindano zote zile, ndiye aliyenibembeleza.

Ijumaa, 30 Mei
Kiinitete kimoja kimepandikizwa. Shufaa viwili. Nimeandika safu mbili, yetu na yao.

Jumamosi, 14 Juni
Leo vipimo vya wote. Viinitete vya Shufaa havikushika, hata kimoja. Mumewe alisimama dirishani, hana namba ya kutaja. Nilikuwa namwombea aanguke. Nakiri hapa, kwingine siwezi. Somoe alikaa na Shufaa, kamshika mkono. Mimi nilimpelekea mumewe maji.

Kisha tukaitwa. Homoni ya mimba: 71. Imo! Dakta Arafa akasema tusishangilie bado, turudi Jumatatu tuone kama inapanda.

Nyumbani nikaanza kuchora jedwali. Somoe akasema anaogopa. Akaniomba nifunge daftari, leo tu, nikae naye tu. Nikafunga. Tukakaa barazani, mkono wake mkononi mwangu, bila hesabu.

Dakika ishirini na tatu.