Usiwafungishe Ndoa Wasiomaliza Kukanusha

Mheshimiwa Meya,

Pole na majukumu. Ni mimi Odile Charrier, mwalimu wako wa Kifaransa, ambaye sasa nimestaafu. Kwa heshima zote naomba Jumamosi hii usimfungishe ndoa mjukuu wangu Maëlys na huyo Corentin, fundi wa mapaa. Sababu ninazo.

1. Sisi Wafaransa tumejaliwa maneno mawili ya kukanusha, moja mbele ya kitenzi, moja nyuma. Kwenye ujumbe wa simu Corentin la mbele kalitupa. Mtu anayekataa nusunusu, siku akikubali mke tutajuaje kakubali mzima?

2. Nukta haweki kabisa. Nilipomuuliza alinijibu, "Bibi, ukiweka nukta mtu anajua umenuna." Kumbe maisha yangu yote nimewanunia watoto wa mji mzima!

3. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa hivi: "bibi vp jmosi uje bac uwe shahidi we2 bila ww hainogi 2nakupenda". Niliunakili kwenye karatasi, nikausahihisha kwa wino mwekundu, nikampa alama sita kati ya ishirini, nikaupiga picha na kumrudishia: Rudia. Hakurudia. Tangazo la ndoa nimelisoma kwenye ubao wa ofisi yako, mkate kwapani, kama mpita njia. Imeniuma sana.

Binti yangu Solène ananicheka: "Mama, umealikwa harusi ukatoa maksi, sasa unalia nini?" Huyo naye insha zilimshinda.

4. Kwa hiyo napendekeza kila mchumba aandike imla mbele yako kabla ya kuvishwa pete. Akifeli, arudi kwao. Waliokwisha kuoana wakafeli, watoto wao waandikishwe kwa penseli mpaka wazazi wafaulu.

Nisalimie mkeo, makarani wote, na mzee anayefagia ngazi zenu.

Wako katika sarufi,
Odile Charrier

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Corentin amebisha hodi, vumbi la kazini mpaka kwenye kope, na karatasi mkononi: "Bibi Mheshimiwa, tunakuomba usikose kutupa heshima ya kuwa shahidi wetu." Nimeikagua mara mbili. Haina kosa hata moja. Ni kama imetoka idara ya kodi, na pale pa kusema wananipenda hapamo. Nimemwambia, "Mwanangu, nitumie ile ya kwanza." Wafungishe ndoa, Mheshimiwa. Shahidi yupo.